Kuku Aliyeuzwa kwa Ajili ya Mto

Kabla bustani haijazungushiwa waya, mzee Gaspard alikuwa na jiwe lake pale. Lilikuwa jiwe pana, jeusi, limelala ukingoni mwa mto mdogo upande wa chini wa mtaa wa Area 47, na mtu aliweza kulikalia vizuri na kuacha miguu ndani ya maji. Kila Jumamosi mke wake, Thacienne, alikuja naye Lilongwe kwa minibasi kutoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Thacienne alikuwa akimletea binti yao Arlette, aliyekuwa na kibanda cha cherehani karibu na lango la bustani, nguo alizoshona mwenyewe kambini. Mzee alikuja kwa ajili ya jiwe.

Huko kwao Uvira, kando ya ziwa, Gaspard alikuwa karani wa bandari. Mizigo iliyokosa wenyewe ilipokaa muda mrefu ghalani, yeye ndiye aliyeiuza kwa mnada, na watu wasiokuwa na nia ya kununua chochote walikuja tu kumsikiliza. Jumapili kanisani sauti ile ile iliuza matoleo: mikungu ya ndizi, mbuzi, vikapu vya dagaa. Thacienne alimpenda kwa ajili ya sauti hiyo kabla hajajua sura yake vizuri.

Halafu ikaja vita, ikaja njia ndefu, na mwishowe Dzaleka. Dzaleka kuna upepo, kuna vumbi, kuna foleni ya bomba, lakini ziwa hakuna. Sauti ya Gaspard ilianza kupungua kama mafuta kwenye taa. Hakuwa mgonjwa. Mganga wa zahanati alimpima kifua, akamtazama koo, akasema hana kitu. Gaspard alijibu watu kwa kichwa tu: ndiyo, hapana. Mahali alipopata maneno ni pale kwenye jiwe. Alikaa, akatia miguu majini, na baada ya muda akasema, "Leo maji imepanda kidogo," au, "Iko samaki hapa, ndogo-ndogo." Thacienne aliyachukua maneno hayo mawili matatu akarudi nayo kambini, yakamtosha wiki nzima.

Ndipo bustani ikafungwa. Ilikuwa mwaka 2013, mvua zilipokwisha. Kulikuwa na kipande cha ardhi karibu na maji ambacho nyasi hazikukubali kuota, na watoto walipenda kucheza hapo kwa sababu palikuwa laini. Baadhi yao wakaanza kuumwa tumbo, wakadhoofika. Muuguzi mmoja mstaafu aliyeishi jirani, Mama Gertrude, ndiye aliyeuliza mama mmoja mmoja mtoto wake anacheza wapi. Wakaja watu wenye glavu, wakachota udongo kwenye vichupa. Siku chache baadaye waya ukafungwa toka lango hadi mtoni, na kibao cha onyo kikawekwa.

Arlette aliwaeleza wazazi wake. Zamani, kabla ya kuwa bustani, hapo palikuwa karakana iliyokuwa ikivunja betri za magari na kuyeyusha vyuma vyake. Karakana ilikufa, jiji likamwaga udongo mwekundu juu, likapanda miti na kuweka viti. Sumu ya betri ilibaki chini, na kila mvua iliisogeza kidogo kuelekea majini.

Gaspard alisimama ameshika ule waya kwa vidole vyake vyote. Mlinzi wa bustani, mtu mpole kutoka wilaya ya Ntchisi, alitoka na kiti chake mwenyewe akamwekea nje ya uzio. "Agogo, kaeni," akasema, yaani babu, kwa wingi wa heshima, na yeye akabaki amesimama kutwa. Lakini kutoka pale mto haukuonekana, na Jumamosi iliyofuata Gaspard alikataa kupanda minibasi.

Thacienne alijaribu la kwake. Alichota maji bombani, akayamimina kwenye beseni, akamwekea mume wake mbele ya nyumba. Gaspard alitia miguu, akayatazama kwa muda.

"Hii maji haiendi fasi yoyote, iko tu hapa," akasema.

Baada ya hapo hakusema tena. Sahani ikawa inarudi jikoni na nusu ya nsima, ugali wa huko. Thacienne alianza kumwamsha asubuhi kwa kumgusa bega, polepole, akiogopa kile atakachokikuta chini ya kiganja chake.

Siku moja Mama Gertrude aliingia kibandani kwa Arlette kuchukua sketi yake, akamkuta Thacienne. Mama Gertrude alikuwa sasa mweka hazina wa kamati ya bustani, na uso wake ulikuwa umechoka. Alieleza kwa Kichewa, lugha ya hapo, Arlette akawa anamgeuzia mama yake kwa Kiswahili. Shirika moja lilikuwa tayari kulipia kazi kubwa ya kuchimba ule udongo na kuuondoa. Jiji lingetoa malori na mahali pa kuuzika. Lakini shirika lilitaka watumiaji wa bustani nao watoe sehemu yao, ionekane kwamba mahali hapo pana wenyewe. Sehemu hiyo isipotimia kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi, fedha zitakwenda mji mwingine.

"Na bantu ba Area 47 wanasema nini?" Thacienne aliuliza.

"Wenye nyumba kubwa wana nyasi zao uani," Arlette alimgeuzia. "Wanasema aliyechafua alipe. Lakini mwenye karakana alikufa. Amebaki mtoto wake, Bwana Hubert, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kanengo. Hata kusalimiwa hasalimiwi siku hizi."

Mama Gertrude alimtazama Thacienne. "Agogo Gaspard hajambo?" akauliza.

Thacienne alitikisa mkono: hivyo hivyo.  Mama Gertrude alilipia sketi, na alipotoka, Arlette aliona ameacha juu ya meza mfuko wa machungwa ambao hakuna aliyekuwa ameutaja.

Jioni ya Jumatano, baada ya mazoezi ya kwaya ya akina mama kule kambini, Thacienne aliwaeleza wenzake. Mathilde, kiongozi wa kwaya, mwanamke mnene kutoka Bukavu aliyependa utani, alicheka kwanza.

"We mama Arlette, bantu ba Area 47 bako na magari mbili-mbili. Sisi benye kukula kwa karata ya chakula tutapeleka nini?"

"Tutapeleka kenye tuko nacho. Kama vile tunafanyaka kanisani."

"Na tunaenda sababu ya mto, ao sababu ya mzee?" Mathilde akauliza.

Thacienne alinyoosha kikwembe, kitenge alichojifunga, magotini. "Njia ni moja tu," akasema.

 Mathilde akajikohoza, akasema yeye ana maharage. Mwingine akasema ana karanga. Mama mwingine, Bora, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa mwezi uliopita na hakuwa na kitu, alisema atabeba vya wengine, kwa sababu shingo yake ina nguvu. Thacienne alisema atatoa kuku wake mwekundu, yule aliyekuwa akitaga.

Siku ya mkutano, Gaspard aliketi mlangoni kama kawaida. Thacienne hakumwomba aende. Alimfunga kuku miguu, akamweka kwenye mapaja ya mumewe.

"Minibasi itajaa mizigo. Mi niko na kikapu, sina mukono wa kushika kuku. Unishikie mupaka mjini."

Gaspard alimtazama kuku, akamtazama mke wake. Akasimama. Kondakta wa minibasi alipowaona wanawake wale na mizigo yao alitaka kulalamika, halafu akamwona mzee aliyemkumbatia kuku kifuani kama mtoto mchanga, akamfungulia kiti cha mbele. Nauli ya kuku aliidai kwa utani, na wanawake wakamchangia kwa utani pia, punje moja ya karanga.

Sasa, kosa walilofanya hawakujua kama ni kosa. Kwao, toleo haliingii kimya. Unaingia nalo ukiimba, mstari mmoja, unacheza polepole hadi mbele, unaliweka, unarudi. Basi walipofika kwenye ukumbi wa shule ambako mkutano ulikuwa ukifanyika, walijipanga nje, Mathilde akaanzisha wimbo, na wakaingia.

Ndani, mama mmoja wa lile shirika alikuwa katikati ya hotuba. Watu wa Area 47 walikuwa wamekaa kwenye viti, wengine wameshika bahasha. Waligeuka wote. Wanawake wa Dzaleka walipita katikati ya safu na vikapu vichwani, wakifuatwa na mzee na kuku wake, na kwa kuwa mbele kulikuwa na meza moja tu, waliweka vitu juu ya meza hiyo: maharage, karanga, unga wa muhogo, kikwembe kipya cha maua ya njano. Karatasi za mama wa shirika zikafunikwa. Wimbo ukaisha. Mtu fulani nyuma akacheka puani.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mzuri, lakini alipenda mambo yaende kwa utaratibu. Alisimama akazungumza kwa upole, na Arlette, aliyekuwa amewangoja ukumbini, ikambidi amgeuzie mama yake kila neno, mashavu yakimwaka.

"Anasema zikomo, asante kwa moyo wote. Lakini hapa wanapokea ahadi na fedha. Anasema hawawezi kupeleka maharage benki. Wala kuku."

Thacienne alisimama pale mbele na mikono mitupu. Aliwaza shingo ya Bora. Aliwaza Mathilde, ambaye nyumbani kwake maharage yale yangelika wiki nzima. Alikuwa amewavuta wenzake mpaka huku, na sasa wangevibeba tena vitu vyao na kurudi navyo mbele ya watu wote. Na mto ungebaki nyuma ya waya. Hakuthubutu kumtazama mume wake.

Mama Gertrude aliinuka kwenye kiti chake cha kamati.

"Bwana mwenyekiti," akasema, "maharage hayaendi benki, ni kweli. Lakini mimi leo sijanunua kitoweo. Amai, mama yangu, huyo kuku bei gani?"

Arlette akageuza.  Toleo halina bei. Halitajwi bei na mwenye kulitoa. Linanadiwa, na watu wanalipandisha bei wenyewe. Angemwelezaje huyu mama mwema? Macho ya Thacienne yakaenda kwa Gaspard bila yeye kuyatuma.

Gaspard alikuwa akimpapasa kuku shingoni. Alipapasa, akaacha. Akakohoa mara moja, kikohozi cha mtu anayefungua mlango uliofungwa muda mrefu.

"Kuku iko hapa," akasema.

Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa ile ile ya bandarini. Mathilde alimshika Bora mkono.

"Kuku iko hapa, ba mama na ba baba. Anatoka Dzaleka. Amepanda minibasi kiti cha mbele, amelipa nauli kama muntu. Mayai anatoa, kelele hatoi. Angalieni macho yake: hii si kuku, ni madame wa direkteri, bibi ya mukubwa wa kazi. Nani ananifungulia bei?"

Arlette aligeuza kwa Kichewa, akijikwaa, akicheka huku akifuta machozi. Ukumbi ukacheka, safari hii kicheko kizuri. Mama Gertrude akataja bei. Mwalimu mmoja akaongeza. Mama Gertrude akaongeza tena.

"Mwalimu amenyamaza," Gaspard alisema. "Mwalimu, nyumbani watakuuliza umekula nini, utasema nilikula kunyamaza?"

Mwalimu akaongeza, watu wakapiga makofi, lakini Mama Gertrude hakukubali kushindwa. Alilipa, akapewa kuku, akakaa naye mapajani bila kujua afanye nini. Thacienne alimwendea, akainama karibu na sikio lake, Arlette pembeni akigeuza.

"Kwetu mwenye kununua iko na njia mbili. Anaenda naye nyumbani, ni yake. Ao anamurudisha mbele, tunamuuza tena."

Mama Gertrude alifikiri, akatabasamu, akasimama na kumrudisha kuku mikononi mwa Gaspard.

"Haya," Gaspard akasema. "Madame wa direkteri amerudi kazini."

Ndipo mkono ukainuka kule nyuma kabisa. Mwenye mkono alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, na viti vya kushoto na kulia kwake vilikuwa vitupu. Alikuwa Hubert. Ukumbi ulipoa. Mtu mmoja akasema kwa Kichewa, si kwa kunong'ona, "Huyo asinunue kuku. Huyo alipe."

Arlette hakugeuza maneno hayo. Gaspard aliuona mkono tu, kama alivyoona mikono maisha yake yote.

"Nyuma kuko mukono," akasema. "Baba mwenye mukono, unafanya muzuri. Hapa mbele bananiangalia tu. Sema bei, baba, mi nakusikia."

Hubert alitaja bei iliyofanya watu wageuke. Akapewa kuku, akamrudisha. Alipouzwa tena, akanyanyua mkono tena. Sasa mambo yakageuka, kwa sababu haikuwezekana mtu ambaye hawamsalimii awe peke yake anayetoa, na wao, wenye bustani, wamekaa. Mwenye duka la dawa akapandisha. Mchungaji wa jirani akapandisha. Bahasha zikaanza kufunguliwa. Maharage ya Mathilde yalinunuliwa, yakarudishwa, yakanunuliwa. Kikwembe cha njano kiligombaniwa na dada wawili wa tumbo moja mpaka mwenyekiti mwenyewe, aliyekuwa amesahau utaratibu, akakinunua na kumpa mkewe. Kabla ya kukaa, aliwaomba wanawake wa kwaya msamaha, akiwa amevua miwani.

Mwishoni kuku alibaki kwa Hubert. Alikuja mbele, akamshika vizuri, bila kumning'iniza miguu.

"Baba yangu alitulisha kutoka kwenye ardhi ile," akasema. "Sikuwa nikijua chini kuna nini, lakini nilikula. Nina lori moja. Liwe la bustani mpaka kazi iishe." Halafu akamnyooshea Thacienne kuku. "Amai, mchukueni wenu."

Thacienne alitikisa kichwa. Toleo halirudi nyumbani kwa aliyelitoa. Walisimama hivyo, kuku katikati yao, hadi Mama Gertrude akasema yeye ana banda tupu nyuma ya nyumba yake, na anamwangalizia mwenye kuku, awe nani awe. Walipokuwa wakitoka, mwalimu yule alimpisha Hubert mlangoni, akamwita bwana kwa heshima, "Tangulieni, bambo." Lilikuwa jambo dogo. Hubert alisimama kidogo kama mtu aliyeambiwa habari, ndipo akapita.

Sehemu ya watumiaji ilitimia, na ikazidi kidogo. Thacienne alielezwa hivyo na Arlette, lakini hakusikiliza sana. Katika minibasi Gaspard alikuwa ameanza kumsimulia habari za baiskeli moja aliyoiuza bandarini, ambayo mnunuzi aliipanda akaanguka nayo ziwani. Thacienne alikuwa ameisikia habari hiyo walipokuwa wachumba. Aliegemeza kichwa dirishani na kumwacha aisimulie yote, mpaka kona ya Dzaleka.

Kazi haikwenda haraka. Malori ya jiji yaliharibika, mvua zikaja udongo ukiwa umechimbwa nusu, watu wakafunika shimo kwa maturubai na kungoja. Lori la Hubert liliendelea kwenda na kurudi hata siku ambazo hakuna aliyekuwa akiangalia, na mlinzi ndiye aliyesema hivyo. Mlinzi huyo huyo aliwazuia wachimbaji walipotaka kulibeba jiwe jeusi pamoja na udongo. Walimwambia jiwe ni jiwe tu. Akawaambia hili lina mwenyewe. Wakaliosha kwa brashi na maji mengi, mmoja wa wale watu wa vichupa akalipima, nao wakalirudisha, juu kidogo ya pale lilipokuwa.

Gaspard alizungumza siku nyingine, siku nyingine hakuzungumza. Thacienne hakumlazimisha. Ila sahani ilirudi tupu, na asubuhi hakuogopa tena kumgusa bega.

Kiangazi cha mwaka uliofuata lango lilifunguliwa. Sehemu ya chini ilibaki na waya, kwa kuwa kazi yake haikuwa imekwisha, lakini sehemu ya juu, penye jiwe, maji yalikuwa yamepimwa na kupimwa tena, na kibao kilikuwa kimeondolewa. Wanawake wa kwaya walikuja. Hubert alikuja na kusimama mbali, mpaka Mathilde alipomwita kwa mkono, "Njoo huku, mubaba wa kuku, hatukulaki bantu."

Gaspard alivua viatu. Thacienne alimshika kiwiko. Jiwe lilikuwa limepanda, kwa hiyo miguu yake ilifika majini kwa shida. Ilibidi ajisogeze mpaka ukingoni, na Thacienne akakaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, awe kiegemeo. Hakumwona uso. Alisikia maji yakigonga miguu na kupita.

Mama Gertrude alipita na kikapu cha mayai ya kuchemsha, akimpa kila mtu yai moja na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Alisema madame wa direkteri anatuma salamu, na kwamba sasa ana vifaranga.

Thacienne alimenya yai, akampitishia mumewe begani. Gaspard alikula taratibu mpaka likaisha. Akasuuza vidole mtoni.

"Mama Arlette," akasema.

"Nakusikia."

"Ile kuku tuliiuza bei ya chini."